Mwanamke Aelezwe Kilichotolewa na Kilichobaki

MWALIMU wa kike anaporudi shuleni baada ya kukosekana kwa wiki sita au nane, akatembea polepole huku mkono mmoja umeshika tumbo, minong'ono huwa imekwisha kumtangulia katika chumba cha walimu. "Ametolewa kizazi," husema mmoja kwa sauti ya chini, na wengine hutikisa vichwa kama watu waliopokea habari za msiba. Hakuna anayeuliza zaidi. Naye mwenyewe, kama angeulizwa, pengine asingekuwa na jibu kamili, kwa kuwa alichoambiwa hospitalini ni kwamba operesheni ilikwenda salama, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu na tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi.

Huzuni hiyo ya chumba cha walimu ina asili yake katika lugha pia. Kiswahili kinatumia neno moja, kizazi, kwa kiungo kinachobeba mimba na kwa watu wanaozaliwa na kufuatana duniani, baba kwa mwana. Asikiaye kwamba fulani ametolewa kizazi husikia mambo mawili kwa mpigo: kwamba amepasuliwa, na kwamba amekatwa kutoka katika mnyororo wa ukoo wake. Wazee waliotumia jina la mji wa mimba walikuwa waangalifu zaidi, maana mji huhamwa na mwenye mji akaendelea kuishi.

Penye kimya, uvumi hupata kiti. Husemwa kwamba mwanamke wa namna hiyo amebaki na shimo tupu tumboni. Kwamba sauti yake itakuwa nzito na ndevu zitamwota. Kwamba atanenepa kwa kuwa damu ya kila mwezi haina tena pa kutokea na inageuka mafuta. Kwamba mume hatakuta kitu. Kwamba hatashika jembe tena maishani. Watu waliosoma hawako nje ya imani hizi. Zinapita katika maofisi na vyuo sawasawa na zinavyopita kisimani, tofauti ikiwa tu kwamba ofisini husemwa kwa maneno ya heshima zaidi.

Hata hivyo swali la namna mwili wa mwanamke unavyobadilika baada ya upasuaji huo lina majibu, na majibu hayo yanajulikana. Lakini hayawezi kutolewa kwa mwanamke yeyote mpaka kwanza lijibiwe swali dogo kuliko hilo: ni nini hasa kilichotolewa? Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo si ya kisu.

Kizazi cha mwanamke asiye na mimba ni kifuko cha msuli, ukubwa wake ukikaribia ngumi, kilichokaa kati ya kibofu cha mkojo na mwisho wa utumbo mpana. Kazi yake ni kulipokea yai lililorutubishwa, kulilea hadi liwe mtoto, na kumsukuma mtoto huyo nje siku yake ikifika. Isipotungwa mimba, utando wa ndani hubomoka na kutoka kila mwezi kama hedhi. Kandokando ya kifuko hiki zimo ovari mbili, kila moja ikiwa kadiri ya korosho yenye ganda lake. Hizo ndizo zinazotoa mayai, na hizo ndizo zinazotengeneza homoni za kike, hasa ile iitwayo estrojeni, ambayo huilinda mifupa, hulainisha uke, husaidia usingizi na hata kushiriki katika kulinda mishipa ya damu. Kizazi chenyewe hakitengenezi homoni hizo. Huzipokea tu na kutii amri yake.

Kwa hiyo jina moja la "kutolewa kizazi" limefunika operesheni kadhaa zisizofanana. Yuko mwanamke aliyetolewa sehemu ya juu ya kizazi, shingo yake ikaachwa. Yuko aliyetolewa chote pamoja na shingo. Yuko aliyetolewa na mirija, jambo ambalo siku hizi madaktari wengi hulifanya kwa makusudi ili kupunguza uwezekano wa saratani ya ovari baadaye. Yuko aliyetolewa na ovari moja, au zote mbili. Na yuko mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambaye mpasuaji hulazimika kuondoa pia nyama za pembeni na sehemu ya juu ya uke. Wanawake hawa watano wakikaa benchi moja kliniki, kila mmoja ana safari yake mbele, ingawa mtaani wote wamepewa jina moja.

Lililo la kawaida kwao wote ni wiki za mwanzo. Maumivu ya kidonda, tumbo kujaa gesi, choo kuwa kigumu, uchovu ambao haulingani na kazi yoyote aliyoifanya mtu, na majimaji yenye damu kidogo yanayotoka ukeni kwa wiki kadhaa. Ngozi karibu na kovu huweza kuwa na ganzi kwa miezi. Daktari atamtaka mgonjwa aanze kutembea mapema, hata kama ni hatua kumi za kuzunguka kitanda, kwa kuwa damu huweza kuganda miguuni kwa mtu anayelala tu. Na shangazi aliyekuja kuuguza, kwa mapenzi yake yote, atamkataza asiinuke. Katika hilo daktari ndiye wa kusikilizwa. Kwa upande mwingine ndoo ya maji ya lita 20, mchi, jembe na gunia vikae kando kwa muda wa wiki sita hivi, na tendo la ndoa lisubiri muda kama huo hadi daktari ahakikishe kwamba mshono wa ndani umepona. Homa, damu nyingi, majimaji yenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kubana, au mkojo kuvuja wenyewe si mambo ya kungojea tarehe ya kliniki. Mkojo kuvuja hasa, kwa kuwa wanawake huuficha kwa aibu, wakati mara nyingi jeraha lake hutengenezeka.

Ama kuhusu shimo, halipo. Utumbo hujisogeza na kuijaza nafasi iliyoachwa katika muda mfupi, kama watu wanavyojisogeza katika benchi la basi mmoja wao akishuka. Pale shingo ya kizazi ilipotolewa, ncha ya juu ya uke hushonwa ikafungwa. Kwa kawaida mume hatakuta kitu tofauti na alichokijua.

Hedhi hukoma siku ileile, na hapa ni lazima jambo moja lisemwe ambalo minong'ono hailisemi kamwe. Kwa mwanamke ambaye vivimbe vya fibroidi vimemfanya atokwe na damu siku kumi kila mwezi, mabonge kwa mabonge, kukoma huko ni kufunguliwa kifungoni. Fibroidi huwapata wanawake weusi kwa wingi zaidi na mapema zaidi kuliko wengine. Wengi wao wamefundisha darasani wakiwa wamejifunga kanga mbili chini ya sketi kwa hofu ya kuchafuka, wamekaa mwisho wa mkutano ili wainuke wakiwa wa mwisho, wamepanda ngazi za ofisi huku mapigo ya moyo yakigonga masikioni kwa upungufu wa damu. Miezi michache baada ya operesheni, damu ikishajijenga, mtu huyohuyo aliyedhaniwa amekwisha huonekana akipanda ngazi zilezile bila kusimama. Jirani atasema amenenepa. Pengine ni kweli. Aliyekuwa amekonda kwa kuvuja damu akianza kula na kulala vizuri hurudisha mwili. Kizazi kutokuwapo hakugeuzi damu kuwa mafuta.

Mwanamke ambaye ovari zake zimebaki huendelea na mwili wake kama zamani. Yai hukomaa na kufyonzwa mwilini. Matiti huweza kujaa na moyo kuwa mzito siku zilezile za mwezi, isipokuwa damu haitoki. Sauti yake haibadiliki, wala haoti ndevu. Siku moja ukomo wa hedhi utamfikia kama unavyowafikia wanawake wote, pengine mapema kidogo kuliko ambavyo ungefika, na kwa kuwa hana hedhi ya kuhesabia atautambua kwa dalili nyingine. Aliyeachiwa shingo ya kizazi huweza kuona tone la damu mara kwa mara, na, lililo kubwa zaidi, bado anapaswa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi kama wanawake wengine. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Sasa fikiria mama anayepita mbele ya kituo cha upimaji akasema moyoni kwamba hilo halimhusu, yeye alishatolewa kizazi zamani, na kumbe shingo yake ipo. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemwambia, basi.

Habari ni nyingine kabisa kwa yule ambaye ovari zote mbili zimeondoka kabla ya umri wa kukoma hedhi. Jambo ambalo maumbile hulifanya taratibu kwa miaka, kisu hulifanya kwa asubuhi moja. Katika siku au wiki chache joto huanza kupanda kifuani na usoni bila sababu, kisha jasho. Usiku shuka hulowa. Usingizi hukatika saa nane na hauji tena. Uke hukauka, na tendo la ndoa huwa maumivu. Hasira na machozi huja bila kuitwa. Katika nchi yenye malaria ni rahisi mno joto na jasho hilo kuchukuliwa kuwa homa, na mama akanunua dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku malaria haipo. Akikosa kupona, hapana shaka mtu atatokea wa kumwambia kwamba amerogwa, na fedha iliyobaki itaishia huko.

Zaidi ya hayo yanayoonekana yapo yasiyoonekana. Mifupa iliyokosa estrojeni mapema hupungua uimara, na uwezekano wa maradhi ya moyo huongezeka kwa wanaozipoteza ovari wakiwa bado vijana na wasipate tiba ya kuziba pengo hilo. Tiba ipo. Madaktari hushauri kwamba mwanamke wa namna hiyo, ikiwa hana sababu ya kumzuia kama vile baadhi ya saratani, apewe estrojeni hadi afikie karibu miaka 50, umri ambao ovari zake zingepumzika zenyewe. Kwa asiyekuwa na kizazi dawa yenyewe ni nyepesi kupanga, kwa sababu projesteroni huongezwa kwa wengine ili kuulinda utando wa kizazi, na yeye utando huo hanao. Hofu iliyoenea duniani tangu mwaka 2002, pale uchunguzi mkubwa wa Marekani uliposimamisha sehemu ya wanawake waliokuwa wakipewa homoni mbili pamoja kutokana na ongezeko la saratani ya matiti, iliwaangukia hata wasiohusika. Sehemu ya uchunguzi huohuo iliyowahusu wanawake wasio na kizazi, waliopewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya ongezeko la kiharusi, lakini ongezeko la saratani ya matiti halikuonekana. Tena wote hao walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79. Kumnyima tiba mama wa miaka 36 kwa hofu iliyotokana na bibi wa miaka 70 ni kusoma gazeti kichwa cha habari tu.

Kuhusu unyumba, ambao ndio swali la kwanza moyoni na la mwisho mdomoni, ukweli una pande mbili na ni vizuri zote zitajwe. Wanawake wengi waliokuwa wakiteseka kwa maumivu na damu husema hali yao baada ya kupona ni nzuri kuliko kabla, au ni ileile. Wachache huona tofauti katika hisia, maana kizazi chenyewe hushiriki kwa kujikunja. Na aliyetolewa ovari huhitaji msaada kwa ukavu, ambao unatibika kwa vilainishi au estrojeni ya kupaka. Mume anayesusa chumba kwa sababu ya maneno ya kijiweni anamwadhibu mkewe kwa kosa ambalo halikutendeka.

Yote haya yasichukuliwe kuwa na maana kwamba hakuna kilichopotea. Ipo aina ya mgonjwa ambaye hakuwa na muda wa kufikiri lolote. Ameletwa kutoka kijijini kwa pikipiki au kwa machela, mtoto amekwama tumboni tangu jana, kizazi kimepasuka. Au amejifungua na damu inakataa kusimama, na sindano zote zimeshindwa. Daktari wa zamu, ambaye katika hospitali nyingi za wilaya kwa miaka mingi amekuwa daktari msaidizi, hana ila kuchagua kati ya kizazi na maisha. Anachagua maisha, na amefanya sawa. Mama anazinduka katika nusu kaputi, kitanda cha mtoto hakipo. Ana miaka 22. Atakayemwambia kwamba bado ni mwanamke kamili atakuwa amesema kweli na hatakuwa amemsaidia. Mtu huyu amefiwa mara mbili kwa siku moja, na anastahili kuombolezewa kwa yote mawili, kuliko kupongezwa kwa kupona. Inasikitisha zaidi kwamba mara nyingine mumewe na mama mkwe hupewa habari ya kizazi kabla yake, wakiwa nje ya mlango wa wodi, na yeye huja kuijua kutokana na namna wanavyomtazama. Wengine hawajui kabisa. Huondoka wakisubiri hedhi irudi, mwezi baada ya mwezi, na kutumia dawa za kufungua tumbo.

Isidhaniwe kwamba ujinga juu ya kiungo hiki ni mali ya Waafrika. Wayunani wa kale, ambao dunia yote inafundishwa kuwaheshimu, wako miongoni mwao walioamini kwamba kizazi huzurura mwilini kama mnyama na kumkaba mwanamke kooni. Kutokana na jina lao la kiungo hicho Wazungu wakaunda jina la ugonjwa, histeria, na kwa karne nyingi mwanamke aliyelia au kukasirika alihesabiwa kuwa ana ugonjwa wa kizazi. Waganga waliosomea vyuo vikuu waliliamini hilo hadi karne ya 20 imeingia. Kwa hiyo anayecheka imani za kisimani aanze na vitabu alivyovisoma.

Ujinga huo una wanaofaidika nao, na mfano ulio wazi kuliko yote umetoka India. Katika wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, maelfu ya familia huondoka kila mwaka mvua zikiisha kwenda kukata miwa. Mume na mke huajiriwa na dalali wa vibarua kama mtu mmoja, hupewa fedha ya mbele, na siku wasiyofanya kazi hutozwa faini. Kambini hakuna choo wala maji ya kutosha. Katika hali hiyo hedhi ni hasara, na mimba ni hasara kubwa zaidi. Mwanamke aliyekwenda kliniki ya kulipia akilalamikia uchafu wa ukeni, maradhi ambayo mara nyingi hutibika kwa vidonge, aliambiwa kwamba kizazi kitaoza au kitaleta saratani, kitolewe. Alikopa kwa dalali yuleyule, akatolewa, akarudi shambani na deni. Mwaka 2019 habari zilipofichuka, kamati ya jimbo ilichunguza wakata miwa wanawake wapatao 82,000 na kukuta zaidi ya 13,000 walikuwa wamefanyiwa upasuaji huo, wengi wakiwa bado na umri mdogo. Walilalamika maumivu ya mgongo na viungo, kukosa usingizi na kuchoka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya India ikaagiza majimbo yatekeleze mwongozo wa kuzuia upasuaji wa kizazi usio wa lazima. Hapo mnyonyaji hakuhitaji kiboko. Ilitosha kwamba mwanamke hakujua kizazi ni nini, uchafu ni nini na saratani ni nini, na kwamba aliyemweleza ndiye aliyelipwa kwa kila tumbo lililopasuliwa.

Umbali wa Beed usimfariji mtu. Mwanamke anayeambiwa leo katika zahanati yoyote ya kulipia kwamba kizazi chake "kimechoka" na hakifai, ana haki ya kuuliza: ugonjwa wenyewe unaitwaje? Umeonekana kwa kipimo gani? Tiba nyingine ni ipi? Fibroidi nyingi hazihitaji kuguswa, na nyingine huweza kutolewa zenyewe kizazi kikabaki. Kutoka damu nyingi kuna vidonge vyake, na kuna kitanzi chenye homoni. Kizazi kilichoshuka huweza kuinuliwa kwa pete ya mpira. Saratani ni jambo jingine. Hapo kuchelewa ndiko kunakoua. Na jibu lolote analolipata, ana haki ya kulipeleka kwa daktari wa pili ambaye hafaidiki kwa operesheni hiyo.

Walimu na watumishi wa Serikali wanahusika na jambo hili kwa namna mbili. Kwanza, wao ndio wakubwa wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya siku hizo kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, mradi cheti cha daktari kiwepo. Wiki sita zinaingia humo na kubaki nafasi. Tatizo haliko katika sheria. Liko kwa mkuu wa shule anayempangia vipindi saba vya kusimama mwalimu aliyerudi juzi, wakati kiti kimoja mbele ya darasa kingetosha, na kwa mkuu wa ofisi anayeacha cheti chenye jina la operesheni kizunguke masjala, kikapita kwa makarani watatu na tarishi, hata mwenye mwili akawa wa mwisho kuulizwa hali yake. Faili la siri lipo kwa kazi hiyo.

Pili, wao ndio waliozoea kufundisha watu wazima. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, walimu na watumishi walikaa na wananchi kwa makundi mbele ya redio kujifunza malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, na vijiji vikachimba vyoo. Maungo ya mwanamke hayakuwamo katika masomo yale. Miaka mingi imepita na somo hilo bado halijapata mwalimu wake. Somo la biolojia humfundisha kijana wa kidato cha tatu jinsi mimba inavyotungwa, kisha humwacha hapo, kana kwamba mwili wa mama yake unakoma kuwa na habari baada ya kuzaa.

Wapo watakaosema kwamba madaktari ni wachache, foleni ni ndefu, na kumweleza kila mgonjwa habari za ovari na shingo ni anasa. Wengine husema kumweleza ni kumtisha. Hoja ya pili haina uzito: aliyekwisha kuambiwa na jirani kwamba ataota ndevu hawezi kutishwa zaidi na ukweli. Hoja ya kwanza ina uzito, lakini muuguzi anayetoa nyuzi hukaa na mgonjwa huyo dakika kadhaa, uso kwa uso, na mdomo wake uko huru. Aidha kibali cha upasuaji kisomwe kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi, na sahihi iwe ya mwanamke mwenyewe aliye na akili timamu. Desturi ya kumngoja mume atoke safari ili aidhinishe mwili usio wake haina msingi katika kanuni za udaktari. Kumshirikisha ni vyema. Kumfanya mwenye mali ni jambo jingine.

Kisha iwepo karatasi. Si kitabu, mistari mitatu katika karatasi ya kuruhusiwa kutoka, kwa Kiswahili na kwa mwandiko unaosomeka: kilichotolewa na sababu yake, kilichobaki, na kinachopaswa kuangaliwa baadaye. Siku hizi wengi huondoka na cheti chenye herufi nne za Kizungu ambazo hata daktari wa hospitali nyingine hukisia maana yake. Mwanamke mwenye karatasi hiyo ataikunja, ataiweka pamoja na cheti cha ubatizo au cha ndoa na kadi za kliniki za watoto. Miaka kumi baadaye atakapokaa mbele ya daktari asiyemjua, katika mji aliohamishiwa kikazi, akilalamikia joto la usiku na mifupa kuuma, na daktari akamwuliza kama ovari zake zipo, atafungua mkoba na kumpa jibu.